Wazo la Fundi Hufa Likisubiri Jibu

Ukiuliza kwenye karakana nyingi za samani kwa nini mafundi hawaleti mawazo mapya, utaambiwa hawana ari, au hawajasoma, au wanachotaka ni hela tu. Sisi tunaofanya kazi ya kuongoza mafundi, kwenye karakana za watu sita hadi watu thelathini, hatukubaliani na jibu hilo. Fundi aliyeshinda mwezi mzima na mbao za mninga anajua mahali kumi kazi inapokwama. Anapajua kwa mgongo na kwa vidole. Kinachomnyamazisha ni kwamba aliwahi kusema, akaambiwa "tutaangalia", na hakuna aliyeangalia. Akasema tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu akafunga mdomo, akawa anamaliza kazi yake na kurudi nyumbani.

Kwa hiyo yote tunayoeleza hapa, ubao, kikao, fedha za majaribio na malipo, yanazunguka jambo moja: muda unaopita kati ya fundi kusema na fundi kujibiwa. Muda huo ukiwa siku tatu, mawazo huja. Ukiwa miezi mitatu, hata ukileta mkufunzi kutoka ng'ambo na fulana zenye maandishi, hayaji.

Wengi huanza na sanduku la maoni lenye kufuli, ufunguo ukakaa kwa bosi. Tunashauri usianze hivyo. Mtu akitumbukiza karatasi ndani ya sanduku haoni tena kilichoipata. Hajui kama imesomwa, imechanwa, au bado imelala humo. Na kwa kuwa halina jina, sanduku huvuta zaidi manung'uniko juu ya watu: fulani anachelewa, fulani anapendelewa. Manung'uniko hayo yana haki ya kusikilizwa, lakini yapewe mlango wake, faragha, kwa mtu anayeaminika. Ukiyachanganya na mawazo ya kazi, msimamizi anaanza kuliogopa sanduku lenyewe, na kufuli linaota kutu.

Kinachofanya kazi ni ubao ulio wazi. Kata plaiwudi moja katikati upate kipande cha futi nne kwa nne. Kipake rangi nyeupe, kisha kigawe kwa mistari miwili ya wima upate safu tatu. Ya kwanza iandike MAPYA, ya pili YANAJARIBIWA, ya tatu YAMEJIBIWA. Funga kalamu kwa kamba ya mkonge, maana kalamu isiyofungwa haimalizi siku. Weka na bunda la karatasi zilizokatwa nusu ya ukurasa wa daftari. Kila karatasi iwe na vitu vinne: jina, tarehe, kinachosumbua, na anachopendekeza mwenyewe. Ukilazimika kuacha kimoja, usiache tarehe. Tarehe ndiyo inayomdai msimamizi jibu mbele ya watu wote, kila siku, bila mtu yeyote kufungua kinywa.

Ubao usiutundike nje ya mlango wa ofisi. Utundike pale watu wanaponywea chai saa nne, karibu na ndoo ya maji. Mtu akiwa na kikombe mkononi husoma karatasi ya mwenzake, anauliza, anaongeza. Nusu ya kazi ya ubao hufanyika hapo, msimamizi akiwa hayupo.

Wapo mafundi hodari ambao kalamu inawapa tabu. Kumwambia fundi wa miaka hamsini aandike sentensi mbele ya vijana ni kumfukuza kwenye ubao. Mwache achore kwa chaki kwenye kipande cha mbao, halafu kitundike hicho kipande kwa msumari kwenye safu ya MAPYA. Akipenda, aseme kwa ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la karakana, mwanafunzi mmoja auandike, amsomee mwenyewe kabla haujatundikwa. Hatua hiyo ya kumsomea isirukwe. Wazo likibadilishwa na mwandishi, mwenye wazo analikana.

Jibu litoke ndani ya siku tatu za kazi, na yako majibu matatu tu yanayokubalika. La kwanza: tunajaribu, tunaanza siku fulani. La pili: hatujaribu, na sababu ni hii. La tatu: tunasubiri kitu fulani, na jibu kamili litatoka tarehe fulani. "Tutaangalia" si jibu. "Wazo zuri, asante" nalo si jibu, ingawa linasikika vizuri. Jibu la kukataa ndilo linaloogopwa na wasimamizi wengi, kumbe likitolewa vizuri linajenga imani kuliko sifa. Sharti ni kwamba sababu iwe ya namna ambayo fundi anaweza kuipinga kwa hoja: bei, uimara, usalama, au mteja. Fundi akiomba msumeno wa pili wa mezani, mwonyeshe bei yake na idadi ya oda za miezi mitatu, mhesabu pamoja. Mara nyingi atarudi na wazo la pili lililo bora zaidi, kwa mfano kupasua mbao zote za wiki Jumatatu, ili ule msumeno mmoja usigombaniwe Alhamisi.

Sasa, swali. Usikusanye watu ukauliza, "Jamani, mna mawazo gani?" Utapata kimya, na mmoja atakayesema jambo la kukufurahisha. Swali hilo ni kubwa mno, halina pa kushika. Uliza jambo dogo la jana. Jana ulisubiri nini? Kipi ulilazimika kukirudia mara mbili? Kitu gani ulikitafuta zaidi ya dakika tano? Wapi mgongo ulikuuma? Tumeona swali la mgongo likifungua watu ambao maswali mengine yote yaliwashinda, kwa sababu hakuna anayeona aibu kujibu, na karibu kila penye maumivu pana kimo kibaya cha meza, mzigo unaobebwa mara mbili, au kifaa kilichochoka. Lalamiko nalo lisikilizwe hivyohivyo. Anayesema "msasa unaisha haraka" ameshaanza wazo. Muulize unaishia kwenye hatua ipi, na kwenye mbao gani. Huenda randa imekuwa butu, na msasa unafanya kazi isiyo yake.

Kikao kiwe kifupi: dakika 20, mara moja kwa wiki, asubuhi kabla mashine hazijawashwa. Sisi tunapenda Jumatano. Jumatatu watu wanapanga oda, Jumamosi kila mtu anafikiria malipo. Simameni kuzunguka meza ya fundi mmoja, na kila wiki iwe meza nyingine, ili tatizo lionekane kwa macho badala ya kusimuliwa.

Dakika tano za mwanzo ziwe za kimya. Kila mtu aandike au achore peke yake, bila kusemezana. Hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoeshwa kwamba mawazo huja watu wakipiga soga pamoja. Mmarekani Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara, aliieneza njia ya kundi kurusha mawazo kwa sauti katika miaka ya 1940 na 1950. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliipima. Walilinganisha vikundi vya watu wanne waliofikiri pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakaunganishwa. Waliofikiri peke yao walitoa mengi zaidi. Sababu inaonekana wazi ukisimama kwenye kikao chochote: mmoja anapozungumza, wengine wameshikilia mawazo yao wakingoja zamu, na zamu ikifika yameshaponyoka. Na anayehofia kuchekwa hangoji zamu kabisa.

Kwetu kuna sababu nyingine inayozidi hiyo, nayo ni heshima. Mkubwa akishasema, mdogo husema "kama alivyosema mkubwa", na mjadala umekwisha. Heshima hiyo hatutaki kuivunja, ni mali yetu. Tunachobadilisha ni mpangilio tu. Baada ya salamu, anayeanza ni mwanafunzi mdogo kuliko wote, kisha mafundi, kisha fundi mkuu, na bosi wa mwisho. Kila mmoja asome jambo moja tu, mzunguko ukiisha uanze tena. Mwanafunzi hampingi mzee wake kwa sababu mzee hajasema bado, na mzee akifika zamu yake anajenga juu ya yaliyosemwa, kama inavyompasa mzee. Bosi akishindwa kujizuia akaanza yeye, kikao cha siku hiyo kihesabu kimepotea.

Kikao kimalizike kwa jambo la kufanya, lenye jina la mtu na siku. Tanzania ina mfano mkubwa wa hili. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza kipindi cha redio, wakazungumza, kisha wakaamua watakachokwenda kutenda: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Kiongozi wa kikundi alifundishwa kuongoza mazungumzo, siyo kuhutubia. Mtu mzima hujifunza hivyo hata leo. Anataka kujua jambo linamhusu nini, aruhusiwe kuweka mezani anayoyajua tayari, na aondoke na kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Tuchukue wazo moja tulitazame kwa karibu, kwa sababu maneno matupu juu ya ubunifu hayamsaidii mtu.

Kiti cha kulia chakula chenye viungo vya ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja huingia kwenye tundu la mwingine, kina miguu minne. Kila mguu hupokea mbao mbili juu, za fremu ya kukalia, na mbili chini, za kuufunga mguu na mwenzake. Hayo ni matundu 16 kwa kiti kimoja, na kwa seti ya viti sita ni 96. Kila tundu hupimwa kwa tepu, likachorwa kwa penseli, likaanzishwa kwa drili, likamaliziwa kwa patasi. Ukikosea milimita mbili kwenye mguu mmoja, kiti kinacheza. Fundi anakata mguu mrefu, kiti kinacheza upande wa pili, na seti ya viti sita inatoka na vimo sita.

Kijana anaandika: "Tupime mara moja tu, kwenye jigi." Jigi ni kiolezo cha kuongoza drili. Anachora kipande cha plaiwudi ya milimita 18, upana wa mguu, chenye matundu manne mahali panapotakiwa. Pembeni kina ubao mwembamba wa kuegemeza mguu, na kichwani kina kizuizi. Mguu unasukumwa hadi kizuizi, unabanwa kwa klampu, drili inapita kwenye matundu ya jigi. Vyote vinapatikana kwenye lundo la mabaki, pamoja na skrubu sita na gundi kidogo.

Jibu sahihi kwa kijana huyo ni kumpa saa mbili za asubuhi inayofuata na oda moja ya viti sita. Usimpe karakana nzima, na usimwambie asubiri. Seti moja ipimwe kwa njia ya zamani, nyingine kwa jigi, muda uandikwe, na viti vyote viwekwe juu ya meza iliyonyooka vihesabiwe vinavyocheza.

Na hapa wengi hukosea, kwa sababu jigi ya kwanza karibu kila mara hushindwa kidogo, na watu husema "tulijua". Tunajua inaposhindwa. Unga wa mbao hujaa kwenye pembe ya kizuizi, mguu hauketi sawasawa, na matundu yanasogea milimita moja. Dawa yake ni kuchonga pengo dogo kwenye pembe hiyo ili unga upate pa kuingia, na kupuliza kila baada ya mguu mmoja. Mguu wa kushoto na wa kulia ni kama viganja vya mikono, kimoja ni kinyume cha kingine. Asipoangalia, fundi atatoboa miguu minne ya kushoto. Dawa ni kuipaka jigi rangi upande mmoja na kuandika KUSHOTO na KULIA kwa herufi kubwa. Kisha matundu ya plaiwudi yenyewe huliwa na drili. Baada ya oda chache yamekuwa mapana, na jigi inaanza kudanganya bila mtu kujua. Dawa ni kupachika vipande vya bomba la chuma ambavyo kipenyo cha ndani kinatosha biti yenu tu, milimita 10 kama mnatumia ya 10. Jigi iliyopitia marekebisho hayo matatu inadumu. Iliyotupwa siku ya kwanza haikupata nafasi ya kuonyesha kitu.

Ndiyo maana tunasema jaribio lipewe muda wake kabla halijaanza. Siku tano, au oda tatu, lolote linalotangulia. Siku ya kwanza mkono unajifunza, lazima kazi iende polepole kuliko jana. Anayehukumu siku ya kwanza anapima ugeni wa mkono, wala wazo hajaligusa.

Tenga fedha ndogo ambayo fundi yeyote anaweza kuitumia kwa jaribio bila kuomba ruhusa. Kwa karakana ya watu kumi na wawili, shilingi 20,000 kwa jaribio inatosha kwa mengi, na anayetumia aandike tu kwenye daftari. Zaidi ya hapo amwone fundi mkuu. Mipaka miwili haiguswi kwa kiasi chochote: hakuna jaribio linaloondoa kinga ya msumeno, na hakuna linalofanyika kwenye kazi ya mteja bila mteja kujua.

Daftari la majaribio liwe na maswali manne: tulibadilisha nini, kwa muda gani, tulipima nini, ilikuwaje. Yaliyoshindwa yaandikwe kwa uangalifu uleule wa yaliyofaulu. Tuseme mtu amependekeza kuongeza thina inayokauka haraka kwenye laka, ili meza zitoke siku hiyohiyo. Mwezi wa Januari inakwenda vizuri. Masika yanapoingia Dar es Salaam, meza zinatoka na ukungu mweupe juu, kama zimepigwa na maziwa. Thina inayoruka upesi hupoza uso wa mbao, na hewa iliyojaa unyevu huacha maji yake hapo kabla laka haijakaza. Ikiandikwa hivyo, pamoja na mwezi na hali ya hewa, mwaka unaofuata hakuna atakayeharibu meza nyingine, na mwenye wazo anabaki na heshima ya kuwa ndiye aliyewafundisha wenzake kitu cha kweli kuhusu laka. Ikiandikwa "imeshindikana", amebaki na aibu tu, na hatasogelea ubao tena.

Tufike kwenye hela. Kwanza kabisa, mshahara ulipwe siku yake. Karakana inayochelewesha malipo wiki mbili isitundike ubao wowote. Itaonekana inatafuta namna ya kuwakamua watu zaidi, na watakaoona hivyo hawatakosea.

Baada ya hapo, wengi huahidi zawadi ya fedha kwa kila wazo. Matokeo tunayajua. Wazo moja hukatwa vipande vitano. Watu huanza kufichana, kwa kuwa ukimsimulia mwenzako anaweza kukuwahi. Ugomvi wa nani aliwaza kwanza unakula muda kuliko kazi yenyewe. Kuna jambo la ndani zaidi pia. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Sam Glucksberg aliwapa watu mshumaa, kiberiti na kiboksi cha pini, akawataka wauweke mshumaa ukutani. Jibu ni kumwaga pini, kukipigilia kile kiboksi ukutani, na kusimamisha mshumaa juu yake. Walioahidiwa fedha wakiwahi walichelewa kuliko wasioahidiwa kitu. Lakini pini zilipotolewa kabla na kiboksi kuwekwa kitupu, jibu likawa dhahiri, na hapo wenye ahadi ya fedha wakawa wepesi zaidi. Kwa lugha ya karakana: ahadi ya hela humharakisha mtu kwenye kupiga msasa, kazi ambayo njia yake inajulikana. Kwenye kutafuta njia isiyojulikana, humfinya macho.

Kampuni ya Toyota ina mpango wa mawazo ya wafanyakazi tangu mwaka 1951, na malipo kwa mawazo mengi ni kidogo tu. Uzito wake uko kwenye kusomwa, kujibiwa na kutekelezwa. Sisi tunapendekeza hivi: wazo likiokoa fedha inayoonekana, sehemu ya kilichookolewa mwezi wa kwanza iende kwa wote, kwa chakula cha mchana au kugawana sawa. Mwenye wazo jina lake lipakwe rangi kwenye kifaa chenyewe. Jigi iliyoandikwa jina la fundi huning'inia ukutani miaka, na kila mwanafunzi mpya anauliza huyo ni nani.

Lililo zito kuliko zawadi ni malipo ya kipande. Mafundi wengi wa samani hulipwa kwa kiti, kwa kitanda, kwa kabati. Fundi akibuni jigi inayompunguzia siku moja kwenye seti, bosi naye akashusha bei ya kiti kwa kuwa "sasa ni rahisi", bosi huyo ametoza faini kwa kufikiri. Frederick Taylor aliliona jambo hilihili kwenye kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, mwishoni mwa karne ya 19: wafanyakazi walizuia mikono yao makusudi, kwa sababu kila walipoongeza kasi bei ya kipande ilishushwa. Kwa hiyo kabla ubao haujatundikwa, bosi aandike na kutia saini mambo mawili. Bei ya kipande haitashushwa kwa sababu ya wazo la fundi kwa angalau miezi sita, na ikibadilishwa baadaye itakuwa kwa kukubaliana. Hakuna atakayepunguzwa kazini kwa sababu wazo limepunguza kazi. Karatasi hiyo ibandikwe juu ya ubao. Bosi akisita kuitia saini, mazungumzo yaishie hapo, maana mafundi wameshamwelewa.

Mafundi wazee wanahitaji uangalifu wa pekee. Mzee aliyepima kwa jicho miaka thelathini, na jicho lake halikosei, akiiona jigi anaelewa upesi kuliko wote: kesho kijana wa miezi sita atatoboa sawa na yeye. Akiipinga, usimwite mkaidi. Mwendee kabla ya kikao, pembeni. "Shikamoo mzee. Kijana ametengeneza kitu hapa, lakini hatuwezi kukiamini mpaka wewe ukipime. Tunaomba jicho lako." Na umaanishe, kwa sababu ni kweli. Ni yeye atakayegundua kwamba mbao ya mtiki ina mkunjo ambao jigi haiuoni, na kwamba upande wenye mkunjo uelekezwe ndani. Akishakuwa mkaguzi wa jigi, elimu yake imeingia ndani ya kifaa.

Kuna mawazo mengine hayaji kwenye karatasi kabisa. Yanaonekana kwenye njia za mkato. Fundi amefunga mpira wa baiskeli kwenye mpini wa klampu. Mwingine anapiga msasa akiwa amekalia ndoo, badala ya kutumia meza uliyomnunulia. Kabla hujakataza, simama utazame dakika kumi, kisha uliza. Huduma ya M-Pesa nchini Kenya ilianza kwa majaribio mwaka 2005 ikiwa imekusudiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa waliitumia kwa mengine, kutumiana hela wao kwa wao. Waliokuwa wakiendesha majaribio walitazama badala ya kuzuia, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani. Mpira wa baiskeli kwenye klampu unakuambia kwamba mpini unateleza mikono ikiwa na gundi. Wazo limeshatekelezwa tayari, kilichobaki ni kufunga mipira kwenye klampu zote na kuliandika jina la mwenyewe.

Tuguse pia usafi, kwa kifupi. Mawazo hayaonekani kwenye fujo. Njia ya Kijapani ya hatua tano, ambayo Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, waliiingiza kwenye hospitali, Mbeya ikiwa ya mwanzo mwaka 2007, kwa Kiswahili imepewa majina mazuri: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Karakana ianze na mbili za kwanza kabla ya kutundika ubao. Kisichotumika siku 30 kitoke kwenye eneo la kazi, na kila kifaa kichorewe kivuli chake ukutani, ili kikikosekana pengo lionekane. Mkifanya hivyo tu, nusu ya majibu ya "jana ulitafuta nini" yanakwisha, na watu wanabaki na mawazo mazito zaidi.

Msimu wa oda za sikukuu, kati ya Novemba na Desemba, au mwezi mmoja kabla ya Idi, ufunge ubao waziwazi. Andika tarehe ya kuufungua. Kuuacha wazi wakati hakuna muda wa kujibu ni kurudi kwenye sanduku la kufuli.

Na ikitokea zimepita wiki tatu hakuna karatasi mpya, usiitishe mkutano wa kuwahimiza watu. Nenda kwenye ubao, tafuta karatasi yenye tarehe ya zamani kuliko zote ambayo haijahama kutoka safu ya MAPYA. Karibu kila mara ipo. Ichomoe, mtafute mwenyewe kwenye meza yake siku hiyohiyo, mpe jibu mbele ya wenzake, na umwombe radhi kwa kuchelewa. Kisha rudi kwenye ubao uitundike palipoandikwa YAMEJIBIWA.